Rundo la Jumanne

Nyinyi mlioajiriwa juzi mlipewa kompyuta, kiti cha kuzunguka na mafunzo ya siku tatu. Mimi nilipewa penseli, kifutio na Bwana Sleyum. Mkiniuliza nani alipewa zaidi sitajibu, maana nimeshastaafu na sitaki ugomvi na vijana.

Kazi yetu watu hawaijui. Nikisema nilikuwa hospitali, majirani zangu wa Mkunazini huniletea watoto wenye homa. Nikisema bima, hudhani nina kitu cha kuwauzia. Kwa hiyo nieleze mara moja. Mgonjwa akija na kadi ya bima, daktari huandika kwenye fomu anaumwa nini na kafanyiwa nini. Karani wa madai huichukua fomu ile, hugeuza maneno ya daktari kuwa namba, na fomu huvuka bahari hadi Dar es Salaam kwa watu ambao hawatamwona mgonjwa huyo maisha yao yote. Wanachokijua juu yake ni ile namba. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka ishirini na mitatu katika hospitali ndogo ya watu binafsi ndani ya Mji Mkongwe, kwenye chumba chenye dirisha moja na popo wawili.

Namba zina vituko vyake. Kijana mmoja anayetembeza wageni Jozani aliumwa kidole na kima. Kitabu chetu kilikuwa na namba ya kuumwa na mbwa, kikawa na ya kuumwa na panya, lakini ya kima hakikuwa nayo. Ilikuwepo ya "mnyama mwengine", nikaandika hiyo. Watu wa bima wakairudisha fomu: mnyama gani? Nikajibu, kima punju. Wakairudisha tena: mnyama huyo anamilikiwa na nani? Nikaandika, na Serikali. Wakalipa.

Nacheka sasa, lakini siku ile nilitaka kulia, na Bwana Sleyum akanambia nisijisumbue, kwani fomu inayorudi na swali ni fomu iliyosomwa. Ya kuogopa ni ile isiyorudi.

Huyu Bwana Sleyum alikuwa mkubwa wa madai nilipoanza. Mrefu, mwembamba, kofia yake ya viua haipandi wala haishuki, na mwandiko wake ungedhani umechapwa. Alikuwa na desturi moja iliyonichekesha. Kila fomu aliyoishika aliifunika nusu ya chini kwa kadi ya mwaliko wa harusi. Kadi alikuwa nazo tele mezani, maana mjini petu mtu huandikiwa harusi kila wiki, nyengine za watu asiowajua. Nusu ya juu ya fomu ndiyo penye sababu, yaani mgonjwa ana nini. Nusu ya chini ndiyo penye dawa.

"Bi Rukia," akinambia, "dawa ina maneno mengi. Ukiiona mwanzo itakwambia kile ulichozowea kukisikia. Soma sababu, andika namba, halafu ndo ufunue."

Akanipa kadi moja, ya harusi ya mpwa wake, ina maua ya dhahabu pembeni. Niliitumia miaka miwili kwa adabu. Kisha nikawa hodari. Na mkisikia mtu mzima anasema alikuwa hodari, kaeni vizuri, kosa linakuja.

Jumanne ilikuwa siku ya kliniki ya uzazi wa mpango. Wanakuja kina mama wa vijiti vya mkononi, wa kitanzi, wa sindano ya miezi mitatu. Hakuna hata mmoja aliyefika dirishani kwangu akalitaja jambo kwa jina lake. Wanasema, "Nimekuja kupumzika kidogo," huku wanatazama mlango. Nami nikijibu, "Pumzika, mwanangu, unastahiki." Namba ya watu hawa huanza na herufi Z, kwa sababu hawaumwi, wamekuja kupata huduma tu. Maradhi ya kizazi huanza na N. Herufi mbili, na baina yake mna nyumba za watu. Sindano ni ile ile moja. Mwenye kuhofu mimba hudungwa hiyo, na mwenye damu isiyokatika naye daktari huweza kumdunga hiyo hiyo. Kinachowatenganisha ni sababu iliyoandikwa juu.

Wapo waliotaka nicheze na herufi hizo. Mama mmoja wa Bwejuu, ana watoto watano na wa mwisho yuko mgongoni, bima ya mumewe ilikuwa hailipii kijiti. Akaniinamia dirishani.

"Si uandike tu naumwa, Bi Rukia? Nani atajua?"

"Wewe utajua," nikamwambia. "Na mwakani utakapoumwa kweli watakwambia hilo gonjwa unalo zamani, wala hawakulipii."

Alikasirika, na mimi roho iliniuma. Nikamwandikia kwenye kikaratasi jina la kituo cha Serikali kilichokuwa kikitoa kijiti bure, nikamwambia siku na saa, na amuulize nani. Mwezi uliofuata alikuja mjini kuuza mwani, akapita dirishani makusudi, akapandisha mkono wa baibui. "Nshapumzika," akasema, akaondoka zake. Kwa hiyo jifunzeni vituo vyote vya kisiwa hiki na nini kinatolewa wapi. Karani anayejua kusema hapana tu ni nusu ya karani.

Sasa kosa langu.

Fomu za Jumanne nilikuwa nikizipata kwa rundo, zimefungwa kwa mpira, kutoka chumba cha sindano. Kwa kuwa nusu yake zilikuwa sindano ya miezi mitatu, nilijitengenezea karatasi ndogo nikaibandika ukutani: sindano hii, namba hii. Kadi ya Bwana Sleyum ikaingia ndani ya mtoto wa meza. Yeye mwenyewe alikuwa ameshastaafu, hakuna wa kunitazama. Nikilivuta rundo, namba inaruka yenyewe mkononi. Fomu arubaini kabla ya adhuhuri. Wenzangu wakinisifu, nami nikifura.

Ndani ya rundo moja la aina hiyo mlikuwa na fomu ya msichana anayeitwa Salha, wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, hajaolewa, anatibiwa kwa kadi ya bima ya baba yake. Juu daktari alikuwa ameandika: hedhi nyingi kupita kiasi, upungufu wa damu. Chini: sindano. Alidungwa Jumanne kwa kuwa nesi wa sindano hizo alikuwepo Jumanne. Sikuisoma juu. Nikaandika Z.

Watu wa bima waliikataa fomu, kwamba uzazi wa mpango hawamlipii mtoto asiyeolewa aliye chini ya kadi ya mzazi. Barua ya kukataa hawakuipeleka kwetu peke yetu. Nakala ilikwenda kwa mwajiri, kwa sababu mwajiri ndiye aliyewakatia wafanyakazi bima. Baba yake Salha, Bwana Makame, alikuwa msimamizi wa makuli katika kampuni moja ya mizigo pale Malindi. Karani wa ofisi yao aliifungua barua, akaisoma, akamkabidhi mbele ya wenzake.

Haya yote niliyajua kwa Salha mwenyewe. Alikuja dirishani asubuhi, akawaachia watu wote wapite mbele yake, mpaka akabaki peke yake.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu."

"Nnataka kumjua alieandika hii." Akaiteleza barua chini ya kioo.

Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza bila ya kunyanyua sauti. Baba hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia mama amuulize huyo mwanamme ni nani, na kwamba chuo basi. Mama yake ndiye aliyempeleka hospitali na alijua kila kitu, lakini mambo ya hedhi hakumwambia mumewe, alisema mtoto ana homa. Sasa na yeye karatasi imemtia shaka.

"Hata mama keshaanza kunitazama vyengine," akasema. "Anadhani labda mlinitibu damu na hilo jengine pamoja. Jumatatu nnaanza kufundisha kwa majaribio. Nsipokwenda, mwaka wangu umekwisha."

Ilikuwa Alkhamisi. Nikaitoa fomu kwenye faili. Niliusoma mstari wa juu, nikauona na mwandiko uliokuwa ubavuni mwake, wangu. Wanangu, nimefiwa, nimeachwa, nimeanguka ngazi za jumba letu mbele ya wageni, lakini aibu ya asubuhi ile ni nyengine. Nilitamani dirisha lile lingekuwa na pazia.

"Nlieandika mimi," nikamwambia. "Na nimekosea."

Nadhani alikuja akitarajia kugombana, akakosa wa kugombana naye. Nikamwambia nitaisahihisha saa ile ile. Akauliza jawabu litachukua muda gani. Wiki tatu, nikamwambia, wakiharakisha. Akaichukua barua yake akaikunja mara nne.

Nilimwendea mkubwa wangu wa ofisi. Akasema tuandike barua, yeye atie saini, na mimi nisithubutu kwenda kwa watu kukiri kosa la hospitali, kwani wakishitaki itakuwaje? Alikuwa na haki ya kuhofu. Nikatoka nikaenda kwa Bwana Sleyum, ambaye siku hizo akitengeneza saa mbovu barazani kwake kwa kujiburudisha. Nikamsimulia. Hakuniuliza kadi yake iko wapi, na hilo liliniuma kuliko angeliniuliza.

"Karatasi utaisahihisha ofisini," akasema. "Na mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko mtaa wa Ng'ambo, nyumbani kwa baba yake."

"Basi nenda huko aliko."

Lakini kabla ya kwenda nilimpigia simu Salha, na hili nataka mlishike kuliko yote. Kusafisha jina lake kulihitaji nitaje maradhi yake mbele ya baba yake, na maradhi ni yake, si yangu wala ya hospitali. Kosa la kwanza lilikuwa kusema jambo lake bila ya kumuuliza. Nisingelitibu kwa kulirudia.

"Nikija, niseme nini na nisiseme nini?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Sema damu. Sema nlikuwa nnaanguka. Usimtaje mama kwamba alificha."

Nilikwenda Ijumaa baada ya alasiri, na barua ya kusahihisha mkobani, na kazi yangu nimeiweka rehani, maana mkubwa wangu alikuwa amenikataza. Bwana Makame alinikaribisha ukumbini. Mtu wa makamo, mabega mapana, anaongea polepole. Mkewe alikaa kwenye mkeka, macho chini. Hata maji sikupewa, na mnajua nyumba ya Kizanzibari mgeni kunyimwa maji maana yake nini.

Nikasema yote. Nikamwonesha fomu, mstari wa juu na mwandiko wangu pembeni.

"Kwa hivyo unanambia karatasi ya hospitali inaweza kusema uongo," akasema.

"Karatasi haikusema kitu. Nlosema mimi, na sikusoma."

"Watu wangapi umewaandika hivyo?"

"Sijui," nikamjibu, kwa kuwa nilikuwa sijui. "Naanza kuzitazama zote Jumatatu."

Akanirudishia fomu. Nilidhani atanifukuza. "Yule karani wa ofisini kaisoma mbele ya makuli wangu," akasema. "Makuli nnaowatuma mimi. Na kwake utakwenda?"

"Ntakwenda."

"Salha," akaita.

"Naam, baba." Alikuwa nyuma ya pazia la mlango, alikuwa amesikia kila kitu. Akatokeza.

Yule mzee alimtazama mwanawe, akatazama mikono yake mwenyewe, akakohoa. Najua alikuwa hajawahi kulitamka jambo la namna ile mbele ya mtoto wa kike tangu azaliwe. "Hiyo damu," akasema, "imepungua?"

"Imepungua, baba."

"Huanguki tena?"

"Sianguki."

"Jumatatu ntakupeleka mwenyewe," akasema. Mkewe akanyanyuka kwenda kuleta maji, akijifuta uso kwa ncha ya kanga. Nami nililia, bora niseme, maana nilikuwa sijala tangu jana yake.

Salha alinisindikiza mlangoni. Nilikuwa navaa viatu, nimepumua, najiona nimemaliza kazi njema, aliponiuliza kwa sauti ya chini.

"Bi Rukia, na lau ningekuwa kweli nimekwenda kwa hicho walichokidhani, ungekuja?"

Nilifunga kanda za viatu ambavyo havikuwa na haja ya kufungwa, nikamuaga.

Jumatatu yake nilizitoa fomu za mwaka mzima, nikatoa na kadi ya mpwa wa Bwana Sleyum, nikafunika na kufunua mpaka macho yakauma. Nilikuta nne za aina ile. Tatu bado hazijajibiwa, nikazisahihisha. Ya nne ilikuwa ya mtu mzima aliyekataliwa na bima akalipa mwenyewe, nikampigia simu nikamwomba radhi. Karatasi ya ukutani nikaibandua. Malindi nako nilikwenda, na yule karani alinisikiliza huku anachonga penseli.

Lakini swali la Salha halikuondoka. Maana Jumanne iliyofuata rundo lilikuja, na safari hii nilisoma kila mstari wa juu, na kila Z niliyoiandika ilikuwa sahihi. Lakini hata fomu iliyolipwa, nakala ya maelezo yake bima huipeleka kwa mwajiri, kwa hiyo zote hizo nazo zilikuwa zikienda kwenye ofisi za waume na za baba, mikononi mwa makarani wanaofungua bahasha za watu. Mke aliyekubaliana na mumewe anasomwa na wafanyakazi wenzake mumewe. Mke ambaye bado hajapata maneno ya kumwambia mumewe, karatasi inamwambia kabla yake. Miaka yote nilidhani kazi yangu inaishia kwenye namba kuwa sahihi. Kumbe namba sahihi ikipelekwa pasipohusika humvunja mtu vile vile.

Nikawaandikia watu wa bima kwamba maelezo ya matibabu apelekewe mgonjwa mtu mzima mwenyewe, na mwajiri apewe jumla tu. Hawakujibu. Nikaandika tena. Mkubwa wangu akanambia hiyo si kazi yetu. Nikaandika mara ya tatu kwa mwandiko mzuri zaidi.

Aliyenisaidia nisingemdhania. Bwana Makame alikuja dirishani miezi michache baadaye kupima presha, akainama. "Kwenye mkutano wa wafanyakazi nimesema barua ya mgonjwa aifungue mgonjwa," akanambia. "Sikumtaja mtu. Wote wamenyoosha mikono. Kumbe kila mmoja alikuwa na yake." Kampuni ile ikawaandikia bima. Kampuni ya pili pale bandarini ikafuata, kisha hoteli moja, kisha nyengine. Karani mmoja akiandika, bima hulala. Wateja wao wakiandika, huamka. Ilichukua kiasi cha miaka miwili, na siku hizi maelezo humfikia mgonjwa kwenye simu yake.

Nawaambia haya kwa sababu nimeiona kompyuta yenu. Mnaandika dawa, nayo inawapendekezea namba kabla hamjafika kwenye sababu. Hilo ni kosa langu lile lile, limetiwa umeme. Ni chombo kizuri, sikitukani, kingeniokoa na kima wa Jozani. Ila kabla ya kubonyeza, funikeni nusu ya chini ya skrini kwa mkono. Watawacheka. Waacheni.

Na mgonjwa akiuliza kitu dirishani, acheni kuandika mumtazame. Mwaka wangu wa mwisho kazini, Jumanne moja, mwalimu mmoja alisimama mbele yangu na daftari za wanafunzi kwapani, mtoto wa mwaka mmoja kiunoni anavuta miwani yangu kupitia tundu la kioo. Nilimtambua aliposalimia. Kadi ya bima ilikuwa yake mwenyewe, ya kazi yake.

"Bi Rukia," akasema Salha, wala hakutazama mlango, "leo nimekuja kwa kile walichokidhani. Nnataka kijiti, cha miaka mitatu. Karatasi itakwenda kwa nani?"

"Kwako," nikamwambia. "Haina pengine pa kwenda."

"Basi ile namba yako ya mwanzo ndo yenyewe."

Akanipa fomu ya daktari, nikausoma mstari wa juu kwanza, mbele yake, kwa kidole. Kisha nikaandika Z, nikazunguka mlangoni nikampokea mtoto, naye Salha akaingia ndani kuwekwa kijiti.